Jenuini, kopi, mtumba na feki: historia ya spea zetu kusini



Historia ya uchumi wa nchi hii imeandikwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vitabuni, na hiyo wasomi wetu wanaijua. Sehemu ya pili iko chini ya magari yetu. Lala chali chini ya Canter iliyobeba korosho miaka ishirini, tazama juu, utaisoma yote: bushi ya Taiwan, shokapu ya mtumba, springi ya kuungaunga, beringi ya Japani, na mahali fulani kuna feki imejificha, ilitoka kwenye boksi zuri kuliko zote.

Najua wapo watakaosema mwandishi wa habari amekosa habari mpaka anaandika mambo ya gereji. Haya, semeni. Lakini kila mmoja wetu hupanda gari, na kila gari husimama kwa breki ambazo mtu fulani alizinunua, mahali fulani, kwa kuamini maneno ya mtu fulani. Hiyo kwangu ni habari.

Nyangamara ni kata ya mkoa wa Lindi, upande wa Mtama, kwa wakulima wa korosho, ufuta na mihogo. Magari ya huko ni ya kazi: Canter na Fuso za mazao, Noah na Hiace za abiria, Land Cruiser za serikali na mashirika, na pikipiki zisizo na idadi. Ukikaa kwenye gereji ya kijijini, ile isiyo na kibao wala ukuta, utasikia maneno manne kutwa nzima: jenuini, kopi, mtumba, feki. Kila mteja ana tafsiri yake. Mmoja anaita feki kila kilichotoka China. Mwingine anaamini mtumba wa Japani hauwezi kumwangusha kwa kuwa ni wa Japani. Wa tatu anapima kwa bei tu, kilicho ghali ndicho jenuini. Fundi naye hana muda wa kusomesha watu, ana magari matatu yanamsubiri.

Nimejaribu kufuatilia maneno hayo yalikotoka. Nilichokiona ni kwamba kila aina ya spea iliingia kusini kwa mlango wake na katika zama zake, na kila moja ilikuja na swali lilelile: kitu hiki kimetoka wapi, na nani anasimama nyuma yake? Asiyeuliza swali hilo hulipa mara mbili. Wengine hulipa kwa mguu au kwa roho.

Tuanze mbali kidogo. Wazo lenyewe la spea si la zamani sana. Zamani mashine ilitengenezwa na fundi mmoja kwa tupa na nyundo, kila kipande kikisuguliwa mpaka kikubaliane na mwenzake. Kikivunjika, hukwenda dukani, unarudi kwa yule fundi akuchongee kingine. Kununua kipande kilichokwisha tengenezwa, ukifunge na kikae sawasawa, hiyo ilihitaji viwanda vyenye vipimo vikali mno.

Mwaka 1908 magari matatu ya kampuni ya Cadillac ya Marekani yalipelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza. Chini ya usimamizi wa klabu ya magari ya huko, yote matatu yalifunguliwa mpaka yakawa rundo la vipande. Wakavichanganya. Wakatoa vipande kadhaa katika lile rundo na kuweka vipya kutoka stoo ya muuzaji. Kisha mafundi wakaambiwa wayaunge upya kwa spana na bisibisi, bila kusugua chochote kwa tupa. Magari yakaunganika, yakawaka, na yakakimbia maili 500. Siku ile ndipo watu wengi walipoamini kwamba kipande cha gari hili kinaweza kuwa kipande cha gari lile.

Zingatieni hilo, kwa sababu ndilo lililozaa kila kitu kinachofuata. Kipande kikishakuwa na vipimo vinavyojulikana, si mwenye gari peke yake anayeweza kukitengeneza. Mwingine naye anaweza: mwaminifu anaweza, na mwongo pia anaweza.

Sasa turudi kusini. Mashine nyingi kwa mpigo tulizifahamu kwa sababu ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulipendekeza mashamba makubwa ya karanga ya mamilioni ya ekari, na sehemu kubwa ilikuwa huku kwetu kusini, Nachingwea. Serikali ya Uingereza ikakubali. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha ikaja Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka hori la Lindi, pale Mkwaya, kwenda ndani mpaka Nachingwea, na baadaye ikaja bandari mpya ya Mtwara.

Trekta zilitoka wapi? Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa na foleni ndefu. Waingereza wakaenda kununua mabaki ya vita, matrekta na matingatinga ambayo jeshi la Marekani liliyaacha Philippines. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta na kiwanda cha Vickers, yakapewa jina la Shervick. Kwa maneno ya leo, huo ulikuwa mtumba. Tena mtumba wa pamoja, umenunuliwa kwa rundo, umekaa kwenye mvua na chumvi, hakuna ajuaye lipi lilifanya kazi saa ngapi na lipi lilibadilishwa nini.

Matokeo yake mnayajua au mmeyasikia. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili za trekta zilizoletwa zilikuwa zimelala. Spea hazikuwepo, na zilizokuwepo hazikulingana na mashine zilizokuwepo. Mpango wa mwaka wa kwanza ulikuwa kulima ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa kama 7,500. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuzika mradi, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Siwezi kusema spea peke yake ndiyo iliyoua karanga. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutabirika, na waliopanga hawakuuliza wenyeji. Lakini somo la kwanza la spea kusini lilikuwa hilo: ukinunua mashine usiyojua historia yake, umenunua matatizo ya mwenzako. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mzigo wa kusini ukabaki mikononi mwa malori. Kila kilo ya korosho iliyotoka ndani kwenda bandarini ilitegemea beringi na breki za mtu.

Zama za pili ni za Land Rover na Bedford. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948 na haikuchukua muda ikawa gari la mabwana shamba, la wamisionari, na baada ya Uhuru likawa la wakuu wa wilaya. Wakati ule spea ilinunuliwa kwa wakala, kwenye boksi la kampuni, na kitabu cha namba kikiwa juu ya kaunta. Hapo ndipo neno jenuini lilipopata heshima yake.

Lakini hebu tulifungue boksi hilo. Ukitoa mtambo wa umeme wa Land Rover za miaka ile, jina lililochapwa juu yake ni Lucas. Ukifungua breki, unakuta Girling. Hao walikuwa makampuni mengine kabisa, wakiuza vitu vyao kwa viwanda vya magari. Kiwanda cha magari hakitengenezi kila kipande. Kinabuni, kinaagiza, kinaunganisha, kisha kinauza kipande kilekile kwenye boksi lenye nembo yake.

Mpaka leo ni hivyo. Kampuni ya Denso ilijitenga na Toyota mwaka 1949, na mpaka sasa vitu vyake vimo ndani ya magari ya Toyota na ya wengine wengi. NGK hutengeneza plagi, KYB shokapu, NSK beringi. Kwa hiyo plagi ya Denso kwenye boksi la Denso na plagi ya Denso kwenye boksi la Toyota zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, ila mmoja kavaa suti. Hiyo ndiyo aina ya pili ya spea, ya mtengenezaji yuleyule bila nembo ya gari. Wazungu wamebishana sana juu yake. Viwanda vya magari vilitaka neno spea halisi liwe lao peke yao. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka kanuni iliyosema kwamba spea iliyotengenezwa kwa vipimo na viwango vya mwenye gari inahesabiwa halisi, hata ikiuzwa na mtengenezaji wake kwa jina lake. Sisi hatukuhitaji kwenda Brussels kulijua hilo. Mafundi wetu wanalijua siku nyingi, ndiyo maana fundi mzoefu hakuulizi boksi, anageuza kipande na kusoma maandishi ya mgongoni.

Kisha ikaja njaa. Naiita njaa makusudi. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, na mafuta yakapanda tena 1979. Fedha za kigeni zikakauka. Wakati huo uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na kila kitu kilikwenda kwa kibali. Gari jipya lilikuwa ndoto, na gari bovu lilikuwa bovu kwa sababu ya kipande cha shilingi chache ambacho nchi haikuwa na dola za kukiagiza. Dar es Salaam mabasi ya UDA yalilala mengi mno, mpaka mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi wabebe abiria, na daladala zikapata uhalali wake. Kama Dar ilikuwa hivyo, msiniulize Lindi.

Fundi mmoja mzee niliyezungumza naye kule ndani, ambaye wote wanamwita babu, alikuwa utingo katika miaka ile. Aliniambia gari halikutupwa, lilihamishwa. Moja lilisimamishwa nyuma ya gereji na mengine matatu yakala mwili wake kidogo kidogo. Bushi zilikatwa kutoka tairi kuukuu, tairi hilohilo ambalo kipande kingine kilikuwa katambuga miguuni mwa fundi. Gasketi ilikatwa kwenye karatasi ngumu ya boksi. Springi iliyovunjika iliungwa au ilifungwa kwa waya ifike Mtama. Aliongeza jambo moja ambalo sikulitarajia: kuna waliomimina maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki. Nilimwuliza kama walifika. Akanijibu kwamba walioko hapa kusimulia ndio waliofika.

Hiyo ndiyo spea ya kuchonga, na tusiidharau. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, na jeshi letu likajenga pale Kibaha kituo kinachojulikana kwa jina la gari lake, Nyumbu, kwa ndoto kwamba nchi inayoweza kujitengenezea lori itaweza kujitengenezea na spea zake. Mpaka leo kuna vitu vinavyochongwa Tanzania na vinafanya kazi vizuri: bushi, pini, mabano, bodi za malori, springi za trela. Mwenye mashine ya kuchongea na chuma kizuri ni mtu wa maana sana. Shida ni chuma kizuri. Umbo unaweza kulinakili kwa macho, lakini ugumu wa chuma huuoni kwa macho.

Mlango wa nne ulifunguliwa mwaka 1984. Wengi tumezoea kusema ni Mzee Ruksa, lakini ruhusa ya kwanza ilitoka katika bajeti ya Juni 1984, Mwalimu akiwa bado Ikulu: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, na asiulizwe alizipata wapi. Mwaka mmoja kabla ya hapo watu walikuwa wakikamatwa kwa uhujumu uchumi. Sasa pikapu zikaanza kushuka bandarini, na spea nyuma yake. Mzee Mwinyi alipoingia Novemba 1985 mlango ukafunguka zaidi. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaja kwa maelfu, usukani ukiwa kulia kama tunavyotaka. Yakaja na injini kwenye mafuta, gia boksi zimefungwa kamba, na magari yaliyokatwa vipande. Wafanyabiashara wetu wakajua njia ya Dubai na Sharjah. Gerezani na Shaurimoyo pakawa hospitali ya magari ya nchi nzima, kama ilivyo barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi na soko la Kisekka kwa Kampala.

Mtumba huo haukuwa kama ule wa karanga. Injini iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani mara nyingi ni kipande halisi, kimefungwa na kiwanda, na kimeishi maisha ya barabara za lami. Tatizo lake ni umri, nao umeandikwa pasipoonekana. Mlango, taa, kioo, gia boksi, difu, injini nzima unayoweza kuiwasha na kuisikiliza kabla ya kulipa: hivyo vinanunulika mtumba bila aibu. Lakini kitu ambacho kazi yake ni kulika kidogo kidogo mpaka kiishe, huwezi kukinunua kikiwa kimelika nusu. Breki pedi ya mtumba ni sawa na mshumaa uliowashwa na mwenzako. Mkanda wa taimingi wa mtumba unaweza kuonekana mzima asubuhi, jioni ukakatika na kuharibu injini nzima. Vilevile mipira ya breki, boli jointi, vichwa vya tairodi na filta. Kwa vitu hivyo neno Japani halisaidii. Mpira unazeeka popote, hata Tokyo.

Pamoja na mtumba ikaja kopi, na hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Kuna viwanda, vya Taiwan kwanza, kisha vya China, India, Uturuki na kwingineko, vinavyotengeneza spea za kuingia kwenye magari ya wengine. Vinaandika jina lao wenyewe na kusema inafaa gari fulani. Nyingine ni nzuri sana, nyingine za wastani, nyingine ovyo. Zote ni halali. Mtu ametengeneza kitu, ametia saini yake, kikiharibika unajua umlaumu nani. Ulaya wana kanuni inayoitwa R90 inayotaka breki za kopi za magari madogo zisipishane na zile za asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kukamata. Ukiona kwenye breki pedi herufi E ndani ya duara, na namba inayoanza na 90, mtengenezaji anadai kuwa ameipita. Pedi nyingi pia zina herufi mbili, kama FF au GG. Ya kwanza inaeleza inavyokamata ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikishapata moto. Kadiri herufi inavyosogea mbele, ndivyo inavyokamata zaidi. Kwenye mteremko, ile ya pili ndiyo inayokuhusu.

Feki ni kitu kingine kabisa. Feki ni kipande kilichoandikwa jina lisilo lake. Kinaweza kuwa kimetoka popote, hata hapa nyumbani. Kinaweza kuwa kizuri kwa bahati, lakini aliyekitengeneza ameficha jina lake kwa sababu anazo. Kwa hiyo kopi nzuri ni mgeni anayejitambulisha mlangoni. Feki ni mgeni anayekuja na jina la kaka yako.

Sheria ya alama za bidhaa tunayo tangu 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kuwakamata wanaobandika majina ya wenzao. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu 1975. Tunaona mara kwa mara bidhaa zikiteketezwa mbele ya kamera. Vizuri. Lakini kamera haziendi Nyangamara, na umbali wa kutoka Dar mpaka Lindi peke yake ni kilomita kama 450.

Umbali huo ni sehemu ya bei na ni sehemu ya uongo pia. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la kusini lilisubiri kivuko cha Rufiji, na masika ikija ungeweza kukaa njiani siku ambazo hutaki kuzihesabu. Kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu, kilibaki matope mpaka muongo uliofuata. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyohiyo upande wa Somanga, na kusini ikarudi kuwa kisiwa kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo mwenye Noah aliyeharibika hachagui, anafunga kilichopo. Na muuza feki anajua kwamba mteja wa mbali hatarudi kudai. Nauli ya kurudisha spea ya shilingi elfu 20 ni zaidi ya spea yenyewe. Mtu wa Kariakoo akiuziwa feki atarudi dukani na makelele kabla ya magharibi. Mtu wa Nyangamara ataishia kumlaumu fundi wake.

Hilo lilimtokea mjomba wangu, na nitalieleza bila kutaja duka. Alikuwa na pikapu ya kubebea mazao. Mpira wa silinda ya breki ulianza kuvuja, fundi akaandika kwenye karatasi, karatasi ikatumwa mjini na dereva wa basi, jioni ya kesho yake spea ikafika. Boksi zuri, jina kubwa la Kijapani, bei ya kati. Ikafungwa. Wiki ya tatu akiteremka kutoka Rondo na magunia ya ufuta, pedali ikaenda mpaka chini. Alivuta breki ya mkono, akalipeleka gari kwenye tuta la udongo. Yeye alitoka na michubuko. Kijana aliyekaa juu ya magunia alivunjika mguu, na mpaka leo anatembea akiuvuta. Walipofungua, mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Mpira wa breki hutengenezwa kwa mchanganyiko maalumu usiodhurika na mafuta ya breki. Ule ulikuwa mpira tu. Kwenye lile boksi, jina la kampuni lilikuwa limekosewa herufi moja.

Fundi alilaumiwa kijiji kizima. Alifunga vizuri, hakufanya kosa, lakini jina lake ndilo lililokuwa karibu. Aliyeitengeneza ile spea hana jina, ndiyo maana yuko salama.

Basi tufanyeje? Mimi si fundi, ila nimewauliza mafundi wengi na majibu yao yanafanana.

Kwanza, usitume jina la kitu peke yake. Tuma namba ya chesisi, aina ya injini na namba iliyochapwa kwenye kipande cha zamani. Simu zetu zina kamera, piga picha ya pande zote mbili. Spea nyingi zisizokaa sawa si feki, ni za gari jingine. Wale wa Brooklands walifanikiwa kwa sababu magari yao yalikuwa ya aina moja hasa. Sisi tuna Toyota za jina moja zenye injini tatu tofauti.

Pili, gawa gari lako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo vikifa unasimama njiani na kukasirika: alteneta, stata, rejeta, taa, mlango. Hapo mtumba, kopi na hata cha kuchonga vinaruhusiwa, mfuko wako ndio utakaoamua. Fungu la pili ni vitu ambavyo vikifa husimami: breki, usukani, boli jointi, tairi. Hapo tafuta jenuini, au ya mtengenezaji yuleyule, au kopi mpya yenye jina linalojulikana. Ukikosa hela, gari lilale. Kwa pikipiki ni hivyohivyo, breki na tairi kwanza, urembo baadaye.

Tatu, dai risiti, na umwambie fundi akuachie kipande cha zamani na boksi la kipya. Boksi ni ushahidi. Soma herufi moja moja. Jina likikosewa, au namba ya boksi isilingane na iliyochapwa kwenye kipande, usikifunge. Na bei ikiwa nusu ya wengine wote, usijione mjanja.

Nne, na hili nawaambia wenye malori na vyama vyetu vya msingi kule Mtama: agizeni pamoja. Mtu mmoja akiagiza mpira mmoja ni mteja wa kupuuzwa. Gari kumi zikiagiza kwa muuzaji mmoja anayejulikana, muuzaji huyo ana cha kupoteza akidanganya. Msimu wa korosho huanza Oktoba na malori hujaa barabarani. Agosti si mapema mno kukaa kikao.

Nikitazama nyuma, naona tumetoka mbali. Mzee yule wa maji ya sabuni alihangaika kwa sababu hapakuwa na spea. Sisi tunahangaika kwa sababu zipo nyingi mno na nyingine zimevaa majina ya watu. Uhaba ulimfundisha yeye kukitazama kila kipande kwa makini kabla ya kukifunga, maana hakikuwa na mbadala. Wingi umetufundisha sisi kutazama boksi. Siombi uhaba urudi, Mungu apishie mbali. Naomba yale macho yarudi.

Wenye magari, wenye pikipiki, na ninyi mafundi wa chini ya mikorosho ambao hulaumiwa kwa makosa ya watu wasio na majina, nawatakia safari njema na breki zinazokamata.